Kwa mkuu aliyepata kazi kwenye yoti: habari ya injini na maisha ya humo ndani

Mkuu hongera kwa kazi. Umesema wewe ni fundi magari, umepata mzungu mwenye yoti ya futi 40 anataka mtu wa kukaa naye humo ndani kutoka Tanga mpaka Mafia na kurudi, injini Yanmar ya silinda tatu, na unauliza ya boti ina tofauti gani na ya gari na maisha yakoje. Nimezifanyia kazi hizo boti miaka kadhaa so nakujibu kwa nilivyoona mwenyewe, vumilia urefu.

Dizeli ni dizeli, hutaona kigeni ukifungua. Tatizo la boti ya matanga ni kwamba injini muda mwingi imelala. Upepo ukiwepo inazimwa, mkitia nanga inazimwa, halafu siku mnaingia mlango wa bandari, mwamba huku mwamba huku, upepo umekata, ndo inatakiwa iwake hapo hapo. Daladala linapiga kazi kutwa linadumu, hii inashinda kwenye unyevu wa chumvi, na ikiwashwa mara nyingi ni kwa ajili ya kuchaji betri tu, mizunguko ya chini, haina mzigo. Hapo ndo inapouawa pole pole. Haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui vizuri, masizi yanajaa kwenye ekzosi na silinda zinakuwa laini kama kioo zinaanza kula oili. Bosi wako akiwa mtu wa kuwasha asubuhi na jioni ili friji ipoe mwambie kwa heshima aongeze solari, na mkiwa lazima mchaji basi mchaji mkiwa mnatembea, au hata nanga ikiwa chini na imeshika vizuri tia gia ya kurudi nyuma ifanye kazi. Na kila mkisafiri ipe japo nusu saa ya mizunguko ya safari, rpm 2500 hivi, ijipige moshi itoe uchafu.

Sasa kitu ambacho gari haina: maji ya bahari. Yanaingia kwa koki chini ya boti, yanapita kwenye chujio, yanavutwa na pampu yenye impela ya mpira (kigurudumu chenye mbawa), yanapooza kulanti (maji ya injini) kwenye kipozeo, halafu yanachanganywa na moshi yanatoka nyuma. Kwa hiyo ukishawasha tu, kabla hujaangalia geji yoyote, toa kichwa nje uangalie ekzosi inatema maji. Haitemi, zima. Chujio lifungue kila asubuhi, utakuta mwani, visamaki, na mifuko ya rambo (bara ilipigwa marufuku toka 2019 ila bahari haijapata taarifa).

Impela ndo ugonjwa mkuu. Tulikuwa katikati ya Tanga na Pemba upepo umelala kabisa, alamu ya joto ikalia. Skipa akazima, tukapandisha tanga kubwa ili hata ule upepo wa kubahatisha utusogeze mbali na mwamba, mimi nikashuka chini. Funga koki kwanza, usisahau, la sivyo bahari yote inakuja ndani. Fungua kifuniko cha pampu, skrubu ndogo sana, weka chini tambara maana ikidondoka ngamani (chini kabisa ndani ya boti) ndo basi tena. Mbawa zilikuwa sita, mbili hazipo. Watu wengi hapa wanatia impela mpya wanafunga wanaondoka, halafu injini inachemka tena kesho yake, kwa sababu vile vipande vimekwenda mbele na maji vimeziba mdomo wa kipozeo. Fungua hozi uvitafute mpaka uunganishe mbawa zote zitimie. Vyetu tulivikuta vimebanana kwenye kona ya hozi. Impela mpya paka sabuni ya maji ya vyombo, grisi hapana, inakula mpira, uikunje mbawa kwa uelekeo inapozungukia ndo uisukume ndani.

Jingine ambalo fundi wa gari anaumia nalo: injini ikigoma kuwaka, kwenye gari unapiga stata mpaka ichoke. Kwenye boti ile pampu inasukuma maji kila unapopiga stata na moshi wa kuyatoa hakuna, yanajaa kwenye ekzosi mwisho yanarudi kwenye silinda. Ikigoma mara mbili tatu funga koki ya bahari, endelea kupiga, ikishika tu fungua haraka. Na swichi kuu ya betri usiiguse injini ikiwa inawaka, unaunguza diodi za altaneta.

Mafuta. Visiwani mtanunua kwa madumu, mengine yamechakachuliwa, mengine yana maji tu ya uzembe. Chuja kila lita kwa faneli yenye chujio, na tenki mliweke limejaa mnapokaa siku nyingi, nafasi ya hewa ndo inayotoa jasho ndani, na kwenye maji ya chini ya tenki kuna vidudu vinaota vinafanya uteute mweusi unaoziba filta. Ile bakuli ya kioo chini ya filta ya kwanza iangalie kila siku, maji yanakaa chini yanaonekana kabisa, legeza nati yatoke. Filta ukibadili utatoa upepo kama unavyojua.

Oili kila masaa 100 mpaka 150, kitabu chako kitakwambia, ila huwezi kuimwaga kwa chini, hakuna nafasi, unaivuta kwa pampu ya mkono kupitia tundu la stiki ya kupimia oili injini ikiwa ya moto. Stiki ikitoka na rangi ya chai ya maziwa usiwashe, kuna maji humo. Kulanti, beti (mkanda), zinki ya kipozeo (inaliwa na chumvi badala ya kipozeo, ikiliwa nusu badili), hayo utayamudu. Pale shafti inapotokea nje, kama ni ya kamba za kubana, tone moja moja ikizunguka ni sawa, usikaze mpaka ikauke, itaungua.

Yote hayo yafanye mkiwa mmetia nanga kumetulia. Kuinamia injini ya moto kwenye mawimbi ya Kusi na harufu ya dizeli, hata mzaliwa wa Pemba anatapika.

Maisha yenyewe: utalala omo (mbele ya boti) au kwenye kiti cha sebule, na injini iko chini ya ngazi kwa hiyo ikishinda inawaka ndani ni tanuri. Maji ya kunywa ndo mali, vyombo unaosha kwa maji ya bahari unasuuza kidogo, kuoga unajitosa halafu kopo mbili za maji yasiyo na chumvi. Vitunguu, kabichi, viazi, ndimu vinadumu, nyanya nunua mbichi. Samaki hutakosa. Wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita nne, amka usiku uangalie amari (kamba ya nanga) na kina, sehemu mliyotia nanga jioni mnaelea asubuhi inaweza kuwa mchanga. Mtungi wa gesi funga palepale kwenye mtungi kila ukimaliza kupika, gesi nzito inashuka ngamani inakusubiri uwashe stata.

Kuhusu mshahara sikutajii namba maana kila bosi na yake, ila kubaliana kabisa chakula ni cha nani na ukiumwa inakuwaje, na Kusi ikikaza mkapumzika unalipwa au hulipwi. Na kabla hamjatoka Tanga dai hivi viwemo ndani: impela mbili na gasketi zake, filta za dizeli si chini ya nne, beti, oili ya kubadili mara moja, hozi ya akiba na klipu. Kilindoni, mji wa Mafia, utapata dizeli na mchele, impela ya Yanmar huipati.