Dramu ya Zamani Husomwa kwa Ndani: Kwa Fundi Anayeanza Kazi Hii Malindi

Kila kijana anayekuja karakanani kwangu, hapa Malindi, kujifunza kazi ya kununua na kutengeneza dramu kuukuu hufanya kosa lilelile siku ya kwanza. Nikimpa ngoma na kumuuliza umri wake, hutazama kutu. Akiona pete ya chuma iliyoliwa na chumvi, huniambia kwamba ngoma hii bila shaka ni ya miaka ya 1960. Huko bara, ambako hewa ni kavu, huenda dalili hiyo ikawa na uzito, lakini kwetu haina. Ngoma mpya iliyoachwa kwenye baraza ya hoteli inayotazama bahari, ikapigwa na upepo wa kusi misimu miwili mitatu, huchakaa sura kuliko ngoma ya mwaka 1965 iliyohifadhiwa ndani ya sanduku lake. Kwa hiyo iondoe kutu katika hesabu yako, na ujizoeze kuuliza swali jingine: je, vipande hivi vimezeeka pamoja?

Ninasema vipande kwa sababu dramu ni mkusanyiko wa vitu vingi: mzinga wa mbao au wa madini, gamba la plastiki lililogandishwa juu yake, vishikilio vya skrubu, pete za kukazia, ngozi, na beji ya kiwanda. Anayetaka kudanganya huanza na beji, kwa kuwa ni kipande kidogo kinachohamishika kwa urahisi, na ndicho ambacho mnunuzi mgeni hukitazama mwanzo. Wewe ifanye beji kuwa ya mwisho. Legeza skrubu, vua ngozi, upeleke mzinga uwani penye mwanga wa jua, kisha utazame ndani kwa utulivu kabla ya kutamka bei yoyote.

Chukua mfano wa dramu ya Ludwig, kiwanda cha Chicago, ambayo watu wengi walianza kuitamani baada ya Ringo Starr, mpigaji dramu wa bendi ya Beatles, kuonekana akiipiga kwenye televisheni ya Marekani tarehe 9 Februari 1964, na ambayo kwa sababu hiyo huwavutia wadanganyifu hadi leo. Mizinga yake ya mbao ya miaka ya 1960 ilitengenezwa kwa tabaka tatu, na ndani, kwenye kingo za juu na chini, iliwekewa pete za mbao za kuiimarisha. Katikati ya miaka ya 1970 kiwanda kilihamia kwenye tabaka sita zisizo na pete hizo. Beji zake zilianza kuchapwa namba mwishoni mwa 1963, lakini namba hizo hazikubandikwa kwa mfuatano ulionyooka, kwa hiyo hukupa makadirio tu. Chenye nguvu zaidi ni muhuri wa tarehe uliopigwa kwa wino ndani ya mzinga, ingawa si kila mzinga unao, na kukosekana kwake peke yake hakuthibitishi udanganyifu.

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nilinunua tomu moja (ngoma ya seti isiyo na nyaya, ndogo kuliko ya besi) jioni, katika nyumba iliyokuwa na taa hafifu. Beji ilikuwa ile ya miaka ya 1960, na mikwaruzo ya gamba ilinishawishi kwamba ngoma imefanya kazi miaka mingi. Asubuhi nilipovua ngozi nilihesabu tabaka sita, bila pete yoyote ya mbao. Tundu ambamo hupita kijipete cha shaba kinachoishikilia beji, ambalo pia ndilo njia ya hewa ya ngoma, lilikuwa limepanuliwa kwa keekee, na mbao iliyokatwa ilikuwa bado nyeupe. Fedha ile haikurudi, nami tangu siku hiyo sinunui ngoma baada ya jua kutua.

Matundu ndiyo darasa kubwa kuliko yote, na ninakusihi uyape muda mrefu. Fungua kishikilio kimoja cha skrubu na utazame mahali kilipokuwa kimekaa. Katika ngoma ambayo haijaguswa, gamba lililofunikwa na kishikilio hubaki na rangi yake ya kwanza, iliyokolea, na mpaka wa rangi hiyo hufuata umbo la kishikilio bila kupishana. Ukiona umbo la kishikilio kingine chini yake, au tundu la pili lililozibwa kwa gundi na unga wa mbao kisha likapakwa rangi, fahamu kwamba vyuma vimebadilishwa. Wapigaji wengi wa zamani walitoboa mizinga yao ili kufunga mikono ya kubebea tomu au matoazi, kwa sababu kwao dramu ilikuwa chombo cha kutafutia riziki, wala hawakuwaza kwamba siku moja itatafutwa na wakusanyaji. Tundu la namna hiyo hupunguza thamani lakini haliufanyi mzinga kuwa bandia, na fundi mwaminifu huyatofautisha mambo hayo mawili.

Gamba nalo lina lugha yake. Gamba jeupe la mng'aro wa lulu hugeuka taratibu na kuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, tena hugeuka zaidi upande uliopigwa na mwanga. Weupe ulio sawasawa pande zote, pamoja na chini ya vishikilio, humaanisha kwamba gamba limewekwa upya. Baadhi ya magamba ya kale yalikuwa ya seluloidi, plastiki ya zamani ambayo ilichanganywa na kafuri, na ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto huenda ukainusa harufu hiyo ambayo kila nyumba ya Pwani inaijua. Usijaribu kamwe kuipima kwa kiberiti, kwa kuwa seluloidi hushika moto upesi mno.

Kwa ngoma za madini, beba sumaku. Ngoma ndogo ya Ludwig yenye nyaya chini yake, iitwayo Supraphonic ilitengenezwa kwanza kwa shaba iliyopakwa kromu, kisha kwa alumini iliyopakwa kromu, na sumaku haishiki mzinga wa aina yoyote kati ya hizo. Ikishika, ulichonacho ni mzinga wa chuma. Alumini hiyo huvimba vijipele chini ya kromu, na hewa yetu huviongeza, kwa hiyo vijipele visikutishe.

Ngoma nyingi za zamani nilizozishika hapa ni za Premier ya Uingereza, kampuni iliyoanza London mwaka 1922 na baadaye ikahamia Leicester. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, mizinga yake mingi ilikuwa mipana kidogo kuliko kipimo cha Kimarekani, kwa hiyo ngozi mpya hukataa kuingia. Nimeona mafundi wakiichonga mizinga hiyo ili ngozi ikae, jambo linaloniumiza sana, kwa sababu kukataa huko ndiko kulikokuwa ushahidi bora wa asili yake.

Zipo pia seti za Kijapani za miaka ya 1960, zilizouzwa kwa majina mengi na zilizofanana kwa mbali na zile za Marekani. Ndani utaona mbao nyepesi yenye vinyweleo, ya wekundu hafifu. Hizo si bandia. Huwa bandia pale tu mtu anapong'oa beji yake na kuweka ya mwingine. Ngozi ya ndama haithibitishi chochote: ni kweli kwamba ngozi za plastiki zilienea kuanzia 1957, lakini kuwamba ngozi ya mnyama ni kazi ambayo vijana wetu wanaiweza hata leo.

Ukimaliza, andika kwenye karatasi kipande kwa kipande, kipi ni cha asili na kipi kimeongezwa, umkabidhi mnunuzi pamoja na picha za ndani ya kila mzinga. Seti niliyoiuza karibuni ilikuwa na ngoma ya besi ya Kijapani, tomu mbili za Premier na pete nne mpya, na niliyaandika yote hayo. Mpigaji aliyeinunua alirudi kaskazi ilipoanza, karatasi ile mkononi, kuniomba nimtafutie ngozi mbili za kipimo cha zamani.