Barua kwa Mwanangu: Mwili Ukikataa Kuguswa

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nimejifungia chumbani. Unasema wiki tatu zimepita tangu daktari aitoe ile mimba kwa sababu moyo wako usingeihimili. Damu imekatika, mumeo ni mpole, lakini akikugusa tu mwili unakakamaa. Unaniuliza, je, umeharibika?

Hujaharibika, mama.

Kabla hujazaliwa, mimba ilinitoka. Nililala miezi miwili nimejifunga kanga mbili, uso ukutani. Baba yako hakunidai kitu. Alikuwa akiniwekea kiganja mgongoni, basi, mpaka usingizi unichukue. Usiku mmoja nikageuka mwenyewe. Nawe usigeuke kwa kumwonea mtu huruma. Ila mwambie mumeo kwa maneno, maana mwanamume akinyamaziwa hudhani amekataliwa yeye. Kukumbatiana kunatosha kwa sasa. Siku ukitaka, mwende taratibu, na ukisikia maumivu aache papo hapo.

Hizo siku arobaini anazokuhesabia shangazi yako ni za aliyejifungua. Kwako wewe, ilitakiwa damu ikatike na moyo uridhie. Ninaloliogopa ni jingine: yai linaweza kupevuka hata kabla ya wiki mbili kwisha, ukashika mimba nyingine, kwa hiyo usijidanganye kungoja hedhi kwanza ndipo ujikinge. Na tafadhali usinunue vidonge vya majira dukani hivi hivi. Vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, na moyo wako si wa kujaribiwa. Kitanzi au kijiti, daktari wako wa moyo ndiye atakayesema kipi kinakufaa. Kabla ya hapo, kondomu, kila mara.

Ukipata homa, uchafu unaonuka, tumbo kukata kusikotulia, au damu ikirudi ikajaza pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, nenda hospitali usiku huohuo. Usione haya kueleza kilichofanyika. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 26(4), inaruhusu pale mtaalamu wa afya anapoona uhai au afya ya mama iko hatarini. Yako ilikuwa hatarini. Nilikuona ukihema kwa kupanda ngazi tano.

Nakuja Jumatatu jioni. Kadi yako ya kliniki iweke karibu, Jumanne asubuhi tunakwenda wote.

Mama yako