Kabla hujaitafsiri sentensi ya mtoto

Mwalimu unayeanza kazi Lubumbashi, Kongo (DRC), iwe katika komuni ya Katuba, Kenya au Ruashi, jua kwanza kwamba ripoti ya shule kuhusu mtoto anayeshukiwa kudhuriwa inaandikwa kwa Kifaransa, lakini mtoto anasimulia kwa Kiswahili. Hapo ndipo mambo huharibika. Mtoto anasema "alinichezea". Mwalimu mmoja anaandika kwa Kifaransa kwamba amebakwa, mwingine anaandika kwamba walikuwa wakitaniana. Neno hilo linabeba mchezo, uchokozi na mkono uliopita pasipofaa, na kuchagua maana si kazi yako. Siku ya kesi, mtetezi wa mshitakiwa atauliza neno hilo ni la nani, na jibu litakuwa: la mwalimu.

Kwa hiyo andika sentensi kama ilivyotoka mdomoni, na makosa yake yote, ndani ya alama za kunukuu. Kifaransa kifuate chini. Weka tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, na swali ulilouliza. Ulichokiona kiwe mbali na unachokidhani.

Maswali ni mawili tu: "Nini kilitokea?" na "Halafu?" Ukiuliza "Ni baba mdogo, siyo?" umeshamtilia jibu mdomoni. Direkta (mkuu wa shule), mwalimu wa zamu na katibu wasimhoji kwa zamu. Kila anaporudia, maelezo hubadilika kidogo, na tofauti hizo zitageuzwa kuwa uongo wake. Usimwahidi siri. Mwambie utawaambia wale tu wanaopaswa kusaidia.

Kuhusu alama za mwilini: magoti na miundi iliyochubuka mara nyingi ni ya mpira. Masikio, shingo, mgongo, makalio na ndani ya mapaja si mahali mtoto huumia kwa kawaida anapoanguka. Alama iliyopinda kama kitanzi hutokana na kamba au waya uliokunjwa. Siku za jeraha usizikadirie kwa rangi yake. Hata madaktari hukosea hapo. Wala usimvue nguo, hilo ni la hospitali. Tangu shule za msingi za serikali zifanywe bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na anayenyamaza hupotea kirahisi. Mwangalie anayetafuta sababu ya kutorudi nyumbani, na anayeanza kuitwa ndoki, yaani mchawi: kumsingizia mtoto uchawi ni kosa kwa sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009.

Ukishuku ubakaji, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Matibabu hayasubiri karatasi ya polisi. Asioge kwanza ikiwezekana, na nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza.

Familia zitakuja na mbuzi, pesa au ahadi ya ndoa ili kesi iishe. Shule isiwe mahali pa kikao hicho: aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa amekubali, na mapatano ya wazazi hayafuti kosa. Anayeshukiwa akiwa ndiye mzazi, usimwite "kumsikiliza" kabla ya kuripoti. Jioni hiyo mtoto atakuwa mikononi mwake.

Na anayeshukiwa akiwa ni direkta, karatasi isipite mezani pake. Ipeleke kwa polisi wa ulinzi wa watoto au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) siku hiyohiyo, na nakala yako isibaki shuleni.