Matraki ni kiswahili ao kifaransa?

Ndugu, umeuliza kama matraki, ile fimbo ya bapolisi, ni neno ya kwetu ao tuliokota kwa kifaransa. Ni kifaransa ndiyo, matraque, lakini nao haiko yao, Wafaransa waliitoa Algeria karne ya 19, kule kwa kiarabu "matraq" ni fimbo nene, na shina yake ni ya kupiga, njo maana nyundo kwa kiarabu ni "mitraqa".

Kiswahili ya vitabu inasema rungu, ao kirungu kama ni kadogo, lakini rungu ya kweli iko na kichwa kinene kama ngumi, ile ya bapolisi iko sawasawa mwanzo mpaka mwisho, mi naona matraki inaifaa zaidi. Na hapa Lubumbashi ukisema rungu watauliza umetoka Tanzania lini. Juzi polisi moja ya rulaji, ile ya barabarani, alikuwa anagonga nayo kapo, kifuniko ya injini, ya taksibasi, ko ko ko, abiria wote "matraki hiyo, shuka!"

Usichanganye na kiboko, ile ni mjeledi ya ngozi ya mnyama mwenyewe, Wabelgiji waliiita chicotte, neno ya Wareno.