Maswali yenu: barua ya hisa iliyojazwa habari za filamu

Mwezi huu maswali mengi yaliyonifikia kutoka Mbeya, Iringa na Njombe yanahusu jambo moja: barua pepe za Kiingereza zinazosifia hisa za kampuni ambayo hujawahi kuisikia, na chini yake maneno marefu ya kuchambua filamu. Nimechukua matano.

"Nimeletewa barua pepe inayonihimiza ninunue hisa za kampuni ya Marekani kabla ya Jumatatu. Chini yake kuna aya tatu za filamu, mara mwigizaji alivyolia, mara muziki ulivyopangwa. Aliyeandika haya ni mzima kweli?" – Mwalimu, Tukuyu

Ni mzima, Mwalimu, tena anajua anachofanya. Barua ile ina wasomaji wawili: wa kwanza ni mtambo, wa pili ni wewe. Aya za filamu ameandikiwa mtambo.

Kila mtoa huduma wa barua pepe ana kichujio cha kutenga barua taka. Njia moja ilienea baada ya 2002, mwaka ambao mtaalamu wa kompyuta Paul Graham aliandika jinsi ya kuchuja barua kwa kupima maneno. Kila neno hupewa uzito kufuatana na mara ngapi limeonekana kwenye barua taka na mara ngapi kwenye barua za kweli. "Hisa", "faida", "nunua leo" huivuta barua kwenye ubaya. "Mwigizaji", "mandhari", "simulizi" huivuta kwenye wema, maana ni maneno ya watu wanaozungumza mambo yao. Tapeli anachanganya mema mengi na mabaya machache ili mizani ilale upande wake. Sisi tunaonunua viazi kwa gunia mchezo huu tunaujua: vikubwa vimepangwa juu penye mdomo wa gunia, vilivyopigwa jua na kuwa kijani viko katikati. Vile vya juu vimewekewa jicho.

Nimeitazama kwa makini picha ya barua uliyonitumia. Juu kuna jina la kampuni kwa herufi kubwa nyekundu, alama ya hisa yenye herufi nne, bei ya sasa senti 8 za dola na bei "inayotarajiwa" senti 45. Hayo yote si maandishi, yamechorwa ndani ya picha ili kichujio kinachosoma maandishi kisiyaone. Ujanja huo ulishamiri sana mwaka 2006. Chini, kwa rangi ya kijivu iliyofifia, zinafuata zile aya, na ya mwisho inakatika hivi, kwa Kiswahili changu: "na hapo ndipo mama anapofungua mlango na". Imeishia hapo. Hakuna aliyejali kuimalizia, kwa sababu hakuna binadamu aliyetarajiwa kuisoma.

Vichujio vya leo haviangalii maneno tu. Vinaangalia barua imetoka wapi, imetumwa kwa watu wangapi, na kama mtumaji ndiye anayejidai kuwa. Kwa hiyo nyingi huishia kwenye taka bila wewe kujua. Hiyo yako ni miongoni mwa zilizopenya.

"Mimi huandika uhakiki wa filamu. Je, hao walioandika zile aya wanashirikiana na matapeli?" – Mwanafunzi, Iringa mjini

Hapana, mdogo wangu. Programu huokota maandishi yaliyo wazi kwenye intaneti, uhakiki, habari, hata riwaya kongwe, ikayakatakata na kuyabandika. Aliyekesha akitafuta neno la kueleza sura ya mwigizaji ameibiwa kazi yake ikafanywa pumba za kujazia gunia. Inaniuma, na nadhani nawe itakuuma. Usiache kuandika.

"Mnasema ni utapeli, lakini bei ilipanda kweli! Jumatano niliona senti 8, Ijumaa senti 13. Hapo uongo uko wapi?" – Mkulima wa parachichi, Rungwe

Ndugu yangu, ulichokiona ni kweli, na ndicho kinachowaponza watu.

Kule Marekani hisa za namna hii kwa kawaida ni zile za chini ya dola 5. Nyingi huuzwa nje ya masoko makubwa. Kampuni zenyewe ni ndogo, taarifa zake ni haba, na kwa siku wanunuzi ni wa kuhesabu. Mahali penye wanunuzi wachache, watu mia mbili wakiingia asubuhi moja bei inaruka. Hawakuja kwa sababu kampuni imepata mali. Wameletwa na barua.

Chukua mfano. Mtu ananunua kimyakimya hisa milioni 2 kwa senti 5, ametoa dola 100,000. Kisha anamwaga barua kwa mamilioni ya watu. Bei inapanda, naye anaanza kuuza kidogokidogo. Akipata wastani wa senti 10 tu, ana dola 200,000 mkononi. Nani kamlipa? Ni wewe wa Ijumaa. Jumatatu barua zimekoma, wanunuzi hawapo, na hisa zako hazina wa kuzichukua. Parachichi likikosa soko utalila au utampa jirani. Karatasi ya kampuni tupu utaifanyia nini?

Watafiti Laura Frieder na Jonathan Zittrain walizipima barua hizi za miaka ya 2004 na 2005. Aliyenunua siku hisa ilipokuwa ikisifiwa sana, akauza siku mbili baadaye, alipoteza kwa wastani zaidi ya asilimia 5, kabla hata ya kumlipa dalali. Machi 2007 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilisimamisha kwa siku 10 biashara ya hisa za kampuni 35 zilizokuwa zikisifiwa kwa barua taka. Na mwaka 2009 Alan Ralsky wa Michigan alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka minne kwa mchezo huuhuu.

"Mwanangu anataka tuuze mbao za shamba la mzee tununue hizo hisa. Nikimkatalia anasema sijui dunia ya sasa. Nimwambie nini?" – Mama, Mafinga

Shikamoo mama. Usimwambie hajui kitu, atafunga masikio. Mkae naye, muulize maswali matatu. Aliyekutumia barua hii anakufahamu? Kama hisa itapanda mara tano, kwa nini asikope anunue zote mwenyewe? Na siku ukitaka kuuza, atanunua nani?

Jirani yangu hapa Uyole hakuulizwa na mtu. Aliuza viazi vya msimu mzima, akatuma pesa kwa njia aliyoelekezwa mtandaoni. Barua yenyewe aliichapisha, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya daftari lake la mbegu na mbolea. Alinionyesha mwaka uliofuata, mikunjo imeshaanza kuchanika. Hakulia. Aliniuliza tu kama ile kampuni bado ipo.

Kijana akipenda hisa kweli, msimzimie moto. Soko la Hisa la Dar es Salaam lipo, lilianza kuuza hisa Aprili 1998, na kampuni zilizoorodheshwa humo zinabanwa kutoa hesabu zao hadharani. Anunue kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Leseni aihakikishe kwa Mamlaka yenyewe, asiridhike na karatasi aliyoonyeshwa. Aanze na pesa yake ya vocha. Mbao za mzee ziacheni zisimame.

"Wateja wananiuliza: kuifungua tu barua kuna hatari?" – Fundi simu, Mwanjelwa

Kuisoma peke yake hakuibi pesa, kaka. Ila picha ikipakuliwa, mtumaji anaweza kujua kuwa anwani hiyo ina mtu, na nyingine zitafuata. Wazimie wateja wako upakuaji wa picha wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya barua pepe. Wasibonyeze kiungo cha chini kinachodai kuwaondoa kwenye orodha, maana kwa tapeli hilo ni jibu la "nipo". Waiweke alama ya barua taka kabla ya kuifuta, ili kichujio kijifunze. Na kama ujumbe wa utapeli umekuja kwa meseji ya kawaida ya simu, wautume kwenda namba 15040 ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.