Maombi 40 Upwork, kimya: nishuke hadi dola 5?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwanaprogramu wa PHP, hasa Laravel, nipo Mwanza na nina miaka mitatu kwenye kazi hii. Tangu nifungue akaunti Upwork, soko la mtandaoni la kazi za kujitegemea, nimetuma maombi 40 kwa dola 15 kwa saa na sijajibiwa hata moja. Rafiki ananishauri nishuke hadi dola 5 ili nipate angalau maoni ya kwanza. Nimsikilize? Na nikipata mteja, nitajuaje kwamba sitadhulumiwa?

JIBU: Bei iache hapo kwanza. Mteja anayekuona ghali hufungua ombi lako, na wengine huuliza kama utapunguza. Kimya cha maombi 40 mfululizo kwa kawaida kina sababu nyingine: unaomba kwa watu wasioajiri, au ombi lako halifunguliwi kabisa.

Kila ombi unalolituma Upwork hulipiwa kwa tokeni ziitwazo Connects, na Connect moja ni senti 15 za dola. Kama kila ombi lilikula Connects 12, umeshatumia 480, yaani dola 72, na hazirudi kwa sababu tu hukuchaguliwa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, soma taarifa za mteja zilizo kwenye ukurasa wa tangazo. Njia yake ya malipo imethibitishwa? Ametangaza kazi ngapi, na ameajiri kwa asilimia ngapi? Huwa analipa wastani wa dola ngapi kwa saa? Aliyetangaza kazi 14 na kuajiri asilimia 20 ni wa kushika kila kitenge dukani na kuondoka mikono mitupu. Mwenye wastani wa dola 6 hatakupa 15, mpite tu. Angalia pia mara ya mwisho alipopitia maombi: kama ni siku nne zilizopita na tayari anahoji watu, hapo umechelewa.

Saa nazo zina uzito. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 11 jioni kwetu wakati wa baridi yao, na saa 10 jioni wakati wa kiangazi. Ukisaka kazi za Wamarekani saa 4 asubuhi unagombania mabaki ya jana. Kaa jioni, lenga matangazo ya saa moja au mbili zilizopita.

Sasa ombi lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwenye orodha yake mteja anaona picha yako, bei yako na mistari kama miwili ya mwanzo, basi. Ukianza na salamu ndefu, kisha miaka mitatu ya uzoefu, kisha jinsi ulivyo mchapakazi, mistari hiyo imeisha na hujasema chochote kuhusu shida yake.

Tuseme tangazo linasema hivi: duka la mtandaoni la WooCommerce linapokea M-Pesa ya Kenya, pesa inaingia, lakini oda inabaki "pending". STK Push ni ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mnunuzi, callback ni taarifa ya matokeo ambayo Safaricom huirudisha kwenye tovuti, na CheckoutRequestID ni namba ya ombi hilo. Mwanzo wa ombi linalofunguliwa, likiwekwa kwa Kiswahili, ni huu:

"Kama pesa inafika na oda haibadiliki, shida iko kwenye callback ya STK Push. Ama Safaricom haiifikii URL yenu, ama inaifikia lakini programu-jalizi (plugin) inashindwa kuoanisha CheckoutRequestID na oda. Ningeanza na kumbukumbu za seva (logs): dakika ile mteja alipolipa, kuna POST iliyoingia? Ikiwepo, ni msimbo. Isipokuwepo, natazama ukuta wa usalama na cheti cha SSL."

Malizia na swali moja analoweza kujibu kwa mstari mmoja (mnatumia programu-jalizi gani, toleo lipi?) na kiungo cha kazi moja inayofanana. Maneno 120 hadi 150 yanatosha. Hujataja miaka yako, wala shahada, na ameshajua kwamba unaelewa.

Huna kazi ya kuonyesha? Itengeneze wikendi hii. Mazingira ya majaribio ya Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hayalipiwi. Andika mradi mdogo wa Laravel unaotuma STK Push, unapokea jibu, na kutofautisha namba za matokeo, ResultCode 0 (amelipa), 1032 (ameghairi) na 1037 (simu haikufikiwa). Callback ikija mara mbili, oda isihesabiwe mara mbili. Isipokuja kabisa, programu iulize yenyewe hali ya muamala. Weka GitHub pamoja na maelezo ya jinsi ya kuuwasha. Kichwa cha wasifu wako nacho kibadilishe kiseme Laravel na malipo ya simu. "Full Stack Developer" wamejaa mno, utapotea humo.

Kuhusu dola 5: saa 25 za kulipwa kwa wiki ni dola 125 kabla ya makato, na makato ya Upwork siku hizi ni kati ya asilimia 0 na 15, unaonyeshwa kabla ya kutuma ombi. (Fiverr, soko jingine kama hilo, wanakata 20.) Kibaya zaidi, bei hiyo inabaki kwenye historia yako, na mteja wa pili ataiona. Ukitaka maoni ya haraka, tafuta kazi ndogo ya bei maalumu (jumla moja, si kwa saa) ya dola 60 hadi 150: hitilafu moja, ripoti moja, kuunganisha malipo. Imalize ndani ya siku tatu, kwa bei yake kamili.

Kudhulumiwa kunategemea aina ya mkataba. Kwenye bei maalumu, usiandike hata mstari mmoja kabla mkataba haujaonyesha kwamba hatua ya kwanza imewekewa pesa. Mteja kukubali tu hakutoshi. Ukimaliza, wasilisha kwa kitufe cha kuomba malipo. Wengi hutuma faili kwenye ujumbe, wakasubiri mwezi. Ukitumia kitufe, mteja ana siku 14 za kukagua. Akinyamaza, pesa inaachiwa, kisha unasubiri siku 5 za usalama. Kwenye kazi ya saa, kinga inakuja kwa saa zilizorekodiwa na programu yao, yenye kupiga picha za skrini, si kwa saa ulizojaza kwa mkono. Andika maelezo ya unachofanya kila unapobadili kazi. Wiki inafungwa Jumapili usiku wa manane kwa UTC, ambayo kwetu ni saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu.

Jina la akaunti, la kitambulisho cha NIDA na la benki au Payoneer (huduma ya kupokea malipo mtandaoni) yawe yaleyale, kwa mpangilio uleule. Herufi moja ikipishana unaweza kukwama siku ya kutoa pesa. Jaza mapema fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Akaunti ya mtu mwingine ya kukodi usiiguse, ikifungwa inafungwa na pesa iliyomo.

La mwisho ni la kiusalama, na linawalenga wanaprogramu hasa. Mteja asiye na historia anakuhamishia Telegram kabla ya mkataba, anakutumia mradi wa "jaribio" na kukuomba uuwashe umwambie kasoro zake. Ukiandika `npm install`, amri ya kusakinisha vifurushi vya mradi, msimbo uliofichwa unaweza kukimbia papo hapo na kuchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Fungua `package.json` kwanza, tazama sehemu ya `scripts`: ukikuta `preinstall` au `postinstall` usiyoielewa, acha. Ukiona safi, bado usiamini, maana uchafu unaweza kuwa ndani ya faili nyingine, mara nyingi mstari mmoja mrefu uliosukumwa mbali kulia ili usiuone bila kutembeza skrini. Uwashe ndani ya kompyuta pepe (virtual machine) isiyo na akaunti zako, au mwombe mkutane kwa video akuonyeshe mradi yeye mwenyewe.