Historia ya Kisasa Inayoanza Mwaka 1200

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni Watanzania tunaoishi Minnesota, Marekani. Mwanangu wa darasa la 10 anasoma kozi ya AP (somo la sekondari la kiwango cha chuo, lenye mtihani wake) ya historia ya dunia ya zama za kisasa. Tarehe anazijua kama sura za Kurani, lakini insha zake za nyaraka, yaani zinazojengwa juu ya maandishi ya kale anayopewa, hurudi na alama mbili au tatu kati ya saba. Isitoshe, sielewi historia "ya kisasa" inaanzaje mwaka 1200. Nimsaidieje? – Mama msomaji.

JIBU: Mama yetu, mwaka huo una kisa chake. Mwaka 2018 College Board, taasisi inayotunga mtihani huo, ilipendekeza kozi ianzie 1450. Walimu na wanafunzi wengi walipinga, wakisema kwamba Afrika, Asia na Amerika zingeingia darasani pale tu meli za Ulaya zilipotia nanga, na hatimaye ukachaguliwa mwaka 1200. Ndiyo maana mwanao anakutana na Kilwa kabla ya kukutana na Wareno.

Sasa insha ya nyaraka. Inabeba robo ya alama za mtihani, humpa mwanafunzi nyaraka saba na dakika 60, na inamtaka ajenge hoja na kueleza kwa nini mwandishi wa waraka alisema alivyosema. Kukariri si kosa, ila hapo hakumfikishi mbali.

Tumchukue msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri na sultani wake kwa ukarimu. Mwanafunzi aliyezoea kukariri ataandika kwamba Kilwa ulikuwa mji mzuri, kisha ahamie waraka wa pili. Anayetafuta alama atauliza kwanza anayesifu ni nani: ni mwanasheria wa Kiislamu aliyezunguka dunia akipokewa na watawala kwa zawadi, ambaye simulizi yake iliandikwa Morocco zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa amri ya sultani mwingine, kalamu ikiwa mkononi mwa mwandishi Ibn Juzayy. Je, sifa za ukarimu wa sultani zilikusudiwa tu kuieleza Kilwa, au pia kumfurahisha aliyeagiza kitabu? Sentensi mbili za namna hiyo, zikifungwa kwenye hoja ya insha, zina thamani kuliko ukurasa mzima wa muhtasari.

Nyumbani, kabla hajashika kalamu, akusimulie waraka kwa Kiswahili: nani anasema, anamwambia nani, lini, na anataka nini. (Kiswahili chake kikipinda, kiache kwanza, usimkatishe.) Akimaliza huo, mpe zoezi la pili: mwaka 1505 kikosi cha Mreno Francisco de Almeida kiliuteka na kuupora mji huohuo wa Kilwa. Mreno aliyemwandikia mfalme wake habari za utajiri wa mji alikuwa na sababu gani ya kuusifu?